Ndege Hununuliwa, Fundi Husomeshwa

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Haya ni maneno ya somo letu la historia kama yalivyosomwa redioni. Tumeyapiga chapa ili mpate kuyasoma polepole darasani, mmoja akisoma na wenzake wakisikiliza.

Somo letu la leo lahusu kazi ya uhandisi wa ndege na vyombo vya angani. Tutaona jinsi vyombo hivyo vilivyofika katika pwani yetu, na ni nani waliokuwa na elimu yake. Kisha tutaona njia ya elimu impasayo kupita mtu wa Msasani, Kinondoni au Temeke aitakaye kazi hiyo, au amtakiaye mwanawe.

Huenda mmoja wenu akauliza: "Sisi twajifunza kusoma na kuandika. Mambo ya ndege yatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo ndani ya somo. Tafadhali liweke moyoni unaposoma.

Kazi tatu

Kwanza na tuelewane juu ya maneno. Watu husema "kazi ya ndege" kana kwamba ni kazi moja. Kazi ni nyingi, nasi leo tutazitaja tatu. Ya kwanza ni ya rubani, yule aiendeshaye ndege. Ya pili ni ya fundi wa ndege, ambaye huikagua, huifungua, huitengeneza, kisha hutia sahihi kwamba yafaa kuruka. Ya tatu ni ya mhandisi. Huyu hupiga hesabu na kuchora: bawa liwe na urefu gani, chuma kiwe chembamba kiasi gani bila kuvunjika, injini itoe nguvu kiasi gani, roketi ibebe mafuta kiasi gani. Rubani huonwa na abiria wote. Fundi na mhandisi hawaonwi, lakini pasipo wao rubani hana chombo cha kurusha.

Tanga na bawa

Elimu hii si uchawi, wala haiko mbali sana na mambo tuyajuayo. Nenda ufukoni Msasani ukazitazame ngalawa. Mvuvi akitaka kwenda upande utokako upepo, hupiga bisho. Tanga hujaa na kufanya tumbo. Upepo upitao kwenye tumbo lile hupindishwa njia yake, nao unapopindishwa hulisukuma tanga, na chombo huenda mbele. Bawa la ndege hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, ila bawa limelazwa. Ndege ikienda mbio, bawa huupindisha upepo uelekee chini, na upepo nao hulisukuma bawa juu. Kwa hiyo mvuvi wa Msasani amekuwa akiitumia kanuni hii tangu zamani, ingawa hakuisoma kitabuni.

Tofauti ni hii. Fundi wa ngalawa hufundishwa na baba au mjomba wake, na hupima kwa jicho na kwa mkono. Akikosea kidogo, tengo moja likawa fupi kuliko jingine, mvuvi atalalamika na kazi itarudiwa pwani. Ndege iliyo angani haina pwani ya kurudia kazi. Ndiyo sababu kila kipimo cha ndege hupigiwa hesabu na kuandikwa kabla chuma hakijakatwa. Jicho zuri na mkono mwepesi vyafaa sana, lakini havitoshi.

Ndege zafika pwani

Sasa tuingie katika historia. Mwaka 1937 kampuni ya Kiingereza iitwayo Imperial Airways ilianza kupitisha ndege za majini toka Southampton, Uingereza, hadi Durban, Afrika ya Kusini. Ndege hizo zilikuwa na tumbo kama la mashua, nazo zilitua juu ya maji. Zilitua Kisumu katika Ziwa Victoria, kisha Mombasa, kisha Dar es Salaam, kisha Lindi, ndipo zikaendelea kusini. Basi watu wa Dar es Salaam walizoea kuona ndege kubwa bandarini mwao zaidi ya miaka 20 kabla ya uhuru. Lakini elimu ya kuziunda na kuzitengeneza haikufundishwa katika shule yoyote ya Tanganyika.

Mwezi wa Januari 1946 shirika la East African Airways lilianza kazi. Lilikuwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar pamoja, na makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Shirika hilo lilikua upesi. Mwaka 1960 lilipata ndege za jeti aina ya Comet, na mwaka 1966 likapata ndege kubwa zaidi aina ya Super VC10. Elimu ya ufundi hapa kwetu ilikwenda kwa mwendo wa polepole zaidi. Dar es Salaam ilipata chuo chake cha ufundi mwaka 1957. Chuo hicho leo chaitwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na watu wengi hukiita DIT. Kitivo cha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 tu, yaani miaka 12 baada ya uhuru. Ona basi: ndege za jeti zilitangulia, na darasa la uhandisi likafuata nyuma.

Tunguu na Malindi

Si ndege peke yake zilizotutangulia. Vyombo vya kwenda juu ya anga navyo vilipita kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1960 Marekani ilipatana na serikali ya Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, kujenga kituo cha mitambo ya redio huko Tunguu, Unguja. Kazi ya kituo ilikuwa kusikiliza na kufuata vyombo vya Marekani vilivyozunguka dunia. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, naye akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka. Tunguu ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyomfuatilia njiani. Lakini Unguja kwenyewe kulikuwa na mabishano makali. Watu wengi walishuku kuwa ni mahali pa silaha na makombora, ingawa kituo hakikurusha kombora lolote. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, nacho kikaondolewa mwaka huo huo.

Hatusemi hapa nani alikuwa na haki katika siasa za siku zile. Twataka kuonyesha jambo moja tu. Mtambo ulikuwa shambani kwa watu, lakini elimu yake haikuwa mikononi mwao. Mtu asiyefundishwa kitu kilichowekwa karibu na nyumba yake, atakijuaje isipokuwa kwa uvumi?

Twende sasa Kenya. Karibu na Malindi, baharini, Waitalia walijenga majukwaa ya chuma na kuyaita San Marco. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba pako karibu na mstari wa ikweta, ambako dunia yenyewe huzunguka kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilometa zipatazo 1,670 kwa saa, na roketi irushwayo mashariki husaidiwa na mwendo huo. Sababu ya pili ni kwamba upande wa mashariki kuna bahari tupu, hivyo vipande vya roketi huanguka majini pasipo kudhuru watu.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya Kiitalia ilirushwa kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, ikarushwa setilaiti ya Kimarekani, na kwa kuiheshimu siku ile ikapewa jina la Uhuru. Hiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama nyota zitoazo miali ya eksirei. Wataalamu wa nchi zote walijifunza mengi kutokana nayo. Jina lake lilikuwa Kiswahili na pahali pa kurushiwa palikuwa petu, lakini hesabu zake zilipigwa ng'ambo.

Breki za Addis Ababa

Sasa sikilizeni habari ya huzuni, maana ndani yake mna jibu la swali letu la mwanzo.

Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya VC10 ya East African Airways ilikuwa ikikimbia katika uwanja wa Addis Ababa, Ethiopia, ili iruke. Gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha chuma kilichokuwa kimeachwa njiani. Tairi ikapasuka, ndege ikatikisika kwa nguvu, na rubani akaamua kuisimamisha. Lakini breki hazikushika kwa nguvu zake zote. Ndege ikapita mwisho wa njia yake, ikaanguka na kuwaka moto. Ndani yake walikuwamo watu 107, na 43 kati yao walikufa.

Wachunguzi waliona kwamba sehemu moja ya breki, ilipofunguliwa kwa matengenezo, haikurudishwa sawasawa. Sehemu yenyewe ni ndogo. Siku zote njema ndege ingeweza kutua bila mtu kutambua kosa. Siku breki zilipohitajika zote, ndipo kosa likaonekana.

Kwa ajili ya ajali za namna hiyo, kazi ya fundi wa ndege popote duniani imefungwa kwa sheria za maandishi. Fundi haruhusiwi kufanya kazi kwa kukumbuka tu, hata kama ameifanya mara mia. Hufungua kitabu, husoma ukurasa unaohusika, hukaza msumari kwa kipimo kilichoandikwa, kisha huandika alichofanya, tarehe na saa, na kutia sahihi yake. Kwa kazi za hatari, kama breki na usukani, fundi wa pili hukagua kazi ya wa kwanza, naye hutia sahihi. Maandishi hayo hutunzwa kwa miaka. Ndege yaweza kukataliwa kuruka kwa sababu ya karatasi moja isiyotiwa sahihi.

Umeona sasa, ndugu yangu? Kifaa cha kwanza cha fundi wa ndege ni kusoma, na cha pili ni kuandika, hata kabla ya spana. Herufi anazotumia ni hizi hizi unazojifunza wewe jioni baada ya kazi.

Mwaka 1977 na baada yake

Mwanzoni mwa mwaka 1977 East African Airways ilikufa, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kila nchi ikashika ilichoweza kushika. Mwezi wa Machi 1977 Tanzania ikaanzisha shirika lake, Air Tanzania. Lakini karakana kubwa ya matengenezo ilikuwa Nairobi. Shule ya marubani na mafundi, iliyofunguliwa na Jumuiya mwaka 1971, ilikuwa Soroti, Uganda. Karakana na shule hazigawanywi kama shamba la urithi, huyu ekari tatu na yule ekari tatu. Aliyebaki bila hivyo alipaswa kuanza upya, na kuanza upya huchukua miaka mingi.

Hata leo jambo hili halijatuacha. Mwaka 2016 Tanzania ilianza tena kununua ndege mpya kwa ajili ya Air Tanzania. Mwaka 2018 ikapokea Boeing 787 na Airbus A220. Watu walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Mwishoni mwa mwaka 2022 baadhi ya ndege za A220 zikasimama ardhini kwa sababu ya matatizo ya injini, matatizo yaliyowapata wenye ndege hizo katika nchi nyingi. Dawa ya injini zile ilitoka kwa waliozibuni, nasi tukangoja kama wengine walivyongoja. Ndege hununuliwa kwa fedha za mwaka mmoja. Mtu wa kuielewa ndege husomeshwa kwa fedha na subira ya miaka zaidi ya kumi.

Lakini ipo habari ya kutia moyo. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa angani kutoka kituo cha kimataifa kilicho juu ya anga. Ilitengenezwa kwa msaada wa Japani na wa Chuo Kikuu cha Roma, chuo kile kile cha Profesa Broglio. Mwaka 2022 Uganda nayo ilipata setilaiti yake ya kwanza, iliyoundwa na vijana watatu wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, waliopelekwa kusoma Japani. Mwaka 2023 Kenya ikarusha nyingine iitwayo Taifa-1. Setilaiti zenyewe ni ndogo, ya kwanza yaweza kushikwa kwa mkono. Lakini safari hii hesabu zilipigwa na watoto wa Afrika Mashariki.

Ngazi ya elimu

Basi njia ni ipi? Iandikeni daftarini.

Daraja la kwanza ni shule ya msingi. Hapa hesabu ndiyo msingi wa yote: sehemu, desimali, vipimo na maumbo. Mtoto akiambiwa nyumbani kwamba hesabu ni za watu wachache, atakubali, na ngazi itakatika hapo.

Daraja la pili ni sekondari hadi kidato cha nne. Masomo yasiyoachwa ni Hesabu, Fizikia, Kemia na Kiingereza. Kiingereza chahitajika kwa kuwa vitabu vya matengenezo ya ndege huandikwa kwa lugha hiyo. Wakati wa kuchagua masomo ukifika, mzazi aulize na asikilize. Mtoto akiiacha Fizikia siku hiyo, kwa sababu rafiki zake wameiacha, ameufunga mlango huu pasipo kujua. Tena tusiwafungie wasichana mlango huo kwa maneno yetu. Bawa halijui kama limepigiwa hesabu na mwanamume au mwanamke.

Baada ya kidato cha nne njia zagawanyika mbili. Njia moja ni ya fundi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kiko Mabibo, si mbali na Msasani, nacho hufundisha matengenezo ya ndege. Baada ya chuo, kijana hufanya kazi karakanani chini ya mafundi wenye leseni, kisha hufanya mitihani ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ili apate leseni yake mwenyewe. Asiye na leseni hawezi kutia sahihi kwamba ndege iruke.

Njia ya pili ni ya mhandisi. Hii hupita kidato cha tano na cha sita kwa Fizikia, Kemia na Hesabu, kisha chuo kikuu kwa miaka ipatayo minne. Mtu aweza kusoma uhandisi wa mitambo au umeme katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaongeza elimu ya ndege mahali pengine. Au aweza kusoma uhandisi wa anga tangu mwanzo, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Nairobi. Jumlisha miaka kwa utaratibu wa zamani: 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na cha sita, na 4 ya chuo kikuu. Jumla ilikuwa miaka 17.

Na wewe mtu mzima je? Usiseme jua limekuchwa. Aliyekosa sekondari aweza kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, na akifaulu aweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huwasaidia wanaofuata njia hiyo. Pengine hutakuwa mhandisi wa roketi, lakini kazi za uwanja wa ndege ni nyingi, na kila moja yadai mtu ajuaye kusoma maagizo na kuandika taarifa.

Tena kuna jambo ambalo wewe peke yako waweza kulifanya. Barua ya shule yenye kueleza uchaguzi wa masomo yaja nyumbani kwako. Zamani ungeitia mfukoni umtafute jirani akusomee, au ungemwachia mtoto aamue mwenyewe. Sasa waweza kuisoma, kuiuliza maswali na kwenda kuonana na mwalimu. Miaka ile ya masomo huanza na mtu wa nyumbani aliyesoma karatasi na kuielewa.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Taja tofauti kati ya kazi ya rubani, ya fundi wa ndege na ya mhandisi.

2. Tanga la ngalawa na bawa la ndege vyafanana kwa jambo gani?

3. Katika ajali ya Addis Ababa ya mwaka 1972, ni watu wangapi waliopona? Fanyeni hesabu ubaoni.

4. Tangu setilaiti ya Kiitalia irushwe Malindi mwaka 1967 hadi setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018 ilipita miaka mingapi? Kwa nini miaka hiyo ilikuwa mingi hivyo?

5. Kila mmoja aandike sentensi tatu: ni mtoto gani wa nyumbani kwake au wa jirani aliye shuleni sasa, yuko darasa la ngapi, na hesabu zake zinaendeleaje. Asiyejua, akaulize leo jioni, alete jibu kipindi kijacho.